Sababu Tatu za Sultani Kibogoyo

Wenzangu huangushwa na pombe au siasa. Mimi niliangushwa na gazeti kuukuu lililofungia viatu.

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya duka langu la fotokopi. Wenyewe ni watatu, na mimi ninayesimama mlangoni nikijifanya nina kazi ni wa nne. Kibogoyo fundi viatu ameweka sanduku lake upande wa kulia. Jina hilo ni lake kwa haki, maana kinywani mwake halikubaki jino hata la ukumbusho. Wakili ni tarishi wa mahakama. Hajawahi kutetea hata kuku, ila kwa kubeba mafaili miaka kumi na minane, maneno ya mle ndani yamemwingia. Mama Birika anauza kahawa. Mimi wananiita Nakala.

Asubuhi hiyo Kibogoyo alikuwa anafungua viatu vya mteja, vimeviringishwa kwenye gazeti la wiki tatu nyuma. Wakili, ambaye hata mfuko wa saruji hausamehe, lazima ausome, akalinyakua lile gazeti.

"Haya, mahakama itulie! Safu ya 'Je, Ulijua?'"

"Soma, msomi," akasema Mama Birika huku anapuliza jiko.

"'Wasomaji wengi hawajui kwamba mji mkongwe, ambao magofu yake yako nyuma ya kituo cha mabasi, uliwahi kutawaliwa na Sultani Kibogoyo wa Kwanza, mtawala shupavu aliyepiga marufuku kutafuna mifupa hadharani. Wachambuzi wanaamini hiyo ilikuwa sera ya kale ya afya ya jamii. Chanzo: Kumbukumbu za Mji, hati ya saba, ukurasa ulioliwa na mchwa.'"

Nyundo ya Kibogoyo ikabaki hewani.

"Ngoja kwanza. Si mimi huyo?"

"Ni wewe," nikasema, na sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa na majivuno kama yale.

Hapa lazima nieleze, na kueleza kwenyewe ni aibu. Mimi, mtu mzima na mvi zangu, naendesha mchezo mtandaoni. Unajiunga kwa simu, unapewa kazi ya kale, kisha mnaandikiana kana kwamba mnaishi ndani ya ule mji wa magofu miaka mia sita iliyopita. Kuna mlinzi wa lango, kuna mwashi, kuna msusi wa mikeka. Historia ya kweli ya mji ule haijulikani. Wataalamu walikuja, wakachimba, wakapata vigae na taya la mbuzi, wakaondoka. Nikasema, pengo lisilo na mwenyewe ni langu. Tumo watu sitini na kitu, na mimi ndiye Karani wa Mji: natunga sheria, naamua kesi, naandika Kumbukumbu, na yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma.

Usiiombe kazi hiyo. Watu kumi na mmoja walitaka usultani, hakuna hata mmoja aliyetaka kuzoa taka, mji ukanuka wiki mbili mpaka nikaitisha kura. Msusi wa mikeka alikufa kwa tauni, akakata rufaa kutoka kaburini. Siku moja mtu alituvamia na farasi elfu thelathini saa ya chakula cha mchana, ikabidi nimwandikie: ndugu, subiri kidogo, umeme umekatika.

Usultani ulimwangukia Kibogoyo. Amri yake ya kwanza ikawa ya mifupa: atakayetafuna mfupa mbele za watu afungwe mnarani, kwa kuwa anawatonesha wenzake. Nikaiandika kwa Kiswahili cha kizee kilichopigwa pasi. Nilipofika katikati nikachoka, nikaandika "ukurasa uliobaki umeliwa na mchwa". Mchwa mwenyewe ni mimi.

"Mtawala shupavu!" Kibogoyo alishachukua kitambaa cha kung'arishia viatu, akakizungusha kichwani kiwe kilemba. "Umesikia, Mama Birika? Shupavu! Leo kahawa naletewa kwa magoti."

"Kilemba kina kiwi cheusi, baba. Kinakuchora utosi."

"Hiyo ni alama ya ufalme."

"Mimi niliomba umalkia," Mama Birika akanigeukia. Kesi hiyo haiishi. "Huyu akanipa nini? Kuuza kahawa! Kutwa nauza hapa, nikiingia kwenye simu nauza tena, tena huko wanakopa kwa jina la vita!"

"Tulihitaji mtu mwenye uzoefu, Mama."

"Naomba kuweka rekodi sawa," Wakili akainua kidole. "Gazeti limetaja chanzo. Chanzo ni Nakala. Kwa hiyo Nakala sasa ni mwanahistoria."

Nikacheka kwa unyenyekevu wa uongo. Moyoni nilishaanza kujichongea sanamu.

Hapo ndipo binti yangu alipotokea, amevaa sare, mkoba mgongoni. Saa nne na nusu, na shule hutoka saa nane.

"Shikamooni."

"Marahaba, mjukuu wangu," Kibogoyo akaitikia. "Pita, usiogope ulinzi wa ikulu."

Hakucheka. Akanipa karatasi mbili na kukaa pembeni mwa benchi, macho kwenye viatu vyake. Ya kwanza ilikuwa mtihani wa historia. Nikasoma swali la saba kwa sauti kabla akili haijanikataza:

"'Eleza sababu tatu zilizomfanya Sultani Kibogoyo wa Kwanza apige marufuku kutafuna mifupa. Alama tatu.'"

"Niko kwenye mtihani!" Kibogoyo akasimama, gundi ikamwagika. "Jamani, niko kwenye mtihani!"

Chini yake mwanangu alikuwa amejibu kwa mwandiko wake wa kulala: *Sababu ni moja. Hana meno. Anashona viatu mbele ya duka la baba.*

Kalamu nyekundu ilikuwa imechora sifuri kubwa mno. Karatasi ya pili ilikuwa barua: mtihani wake wote umefutwa kwa sababu ya dhihaka, na mwanafunzi asirudi darasani mpaka mzazi aje kumwombea radhi.

"Wenzako walijibuje?" Wakili akamuuliza.

"Walisema afya, usafi na uchumi. Mmoja aliandika kwamba mifupa ilihitajika kutengenezea vifungo vya wanajeshi. Alipigiwa makofi."

Mama Birika akaangua kicheko mpaka akashika birika lisianguke. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona kitu ukingoni mwa karatasi: mstari mweusi, mwembamba, kutoka juu hadi chini. Mstari ule naujua. Ni ugonjwa wa mashine yangu.

Mtihani ule nilikuwa nimeutoa nakala mwenyewe. Mfanyakazi wa shule aliuleta wiki iliyopita, nakala arobaini na mbili. Nikabonyeza kitufe bila kusoma hata neno, maana mkono mwingine ulikuwa kwenye simu, naamua rufaa ya maiti.

"Mchimba kisima," akasema Mama Birika aliponiona natazama ule mstari.

"Usimalizie, Mama. Nimo humo kisimani."

"Basi tushauriane kama wazee," Kibogoyo akakaa, kilemba kimempinda. "Nakala, ndugu yangu, nisikilize kabla hujaharibu. Mimi miaka thelathini nashona soli. Watu wananijua kwa harufu ya gundi. Leo watoto arobaini na mbili wameumiza kichwa kwa ajili yangu. Ukienda pale ukasema ulitunga, utakuwa umeniua."

"Hujawahi kuishi," Wakili akasema.

"Ndiyo maana inauma!"

"Kisheria," Wakili akaendelea, "kuna njia mbili. Moja, mzazi akiri kosa la mtoto, kesi ifungwe. Mbili, mzazi akiri kosa lake mwenyewe, kesi ifunguliwe. Mimi nimeona mengi kule. Waliofungua hawakuwahi kula chakula cha mchana kwa wakati."

Nikaitazama ile barua. Nitasema ukweli, kwa kuwa nimeshaanza kujivua nguo: nilichagua njia ya kwanza. Niliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na tamaa. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimeitwa chanzo, na nililipenda hilo neno.

"Kesho nitakwenda," nikamwambia binti yangu. "Nitamwomba mwalimu radhi, yaishe. Funika kombe mwanaharamu apite."

Akainua macho.

"Radhi ya nini, baba?"

Nikajifanya napanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Mtoto kasema kweli kapigwa sifuri," Mama Birika akasema, safari hii bila kicheko. "Baba kasema uongo kaingia gazetini. Na bado mnashauriana? Kahawa yangu mnainywea nini, kama haiwaamshi?"

Hapo akaja bwana mmoja mwembamba, shati limechomekewa vizuri, ila miguuni ana ndala.

"Fundi, viatu vyangu tayari? Nimetoroka mapumziko mara moja."

Binti yangu akasimama wima.

"Shikamoo, mwalimu."

Kibogoyo akakitazama kiatu alichokishika, akalitazama gazeti lililokuwa limekifungia, akavua kilemba polepole. Mwalimu naye akaitazama barua yake mkononi mwangu.

"Kumbe mzazi ni wewe? Vizuri. Umenipunguzia safari."

"Mwalimu," nikaanza, na mdomo wangu, kwa mazoea yake, ukashika ile njia ya kwanza, "sisi tunaomba..." Nikamwona mwanangu. Alikuwa amenikazia macho, mkanda wa mkoba ameukamata kwa mikono miwili. "Tunaomba ukae. Sultani wako ndiye huyo anayekushonea viatu. Mji ule nimeutunga mimi. Ni mchezo."

Mwalimu hakukaa.

"Mzazi, naelewa uchungu wa mtoto. Lakini dhihaka juu ya dhihaka? Gazeti limeandika. Chanzo kimetajwa. Wewe una ushahidi gani?"

"Kielelezo cha kwanza!" Wakili akasimama. Nusu ya maisha yake aliingojea siku hii. "Fundi, fumbua kinywa."

Kibogoyo akasita. Akaniangalia mimi, akamwangalia binti, akaliangalia gazeti lake. Naapa sijaona mtu akishuka kitini kwa heshima kama vile. Akafumbua. Mwalimu akachungulia, na mle ndani hapakuwa na kitu ila ulimi na ukweli.

"Vibogoyo ni wengi," mwalimu akasema, lakini sauti ilishapungua.

Nikafungua simu, nikampa hati ya saba. Ilikuwa pale yote, na chini yake Sultani mwenyewe ameandika: *Safi sana Karani, wakome, jana jirani kanitafunia paja la kuku dirishani.* Mwalimu akasoma mpaka mwisho, akarudia, akajifuta uso kwa kiganja.

"Na mchwa?"

"Ni mimi, mwalimu. Nilichoka."

"Nakala arobaini na mbili," akasema taratibu. "Ulizitoa wewe, na hukusema neno?"

"Sikusoma."

Tukatazamana, mtu mzima na mtu mzima, kila mmoja anatafuta wa kumlaumu na kila upande kumejaa.

Lakini mwalimu ni mwalimu. Akachukua karatasi ya mtihani, akajikohoza.

"Hata hivyo, swali linataka sababu tatu. Mwanafunzi ametaja moja. Naondoa sifuri, nampa moja kwa tatu. Utaratibu ni utaratibu."

"Pingamizi!" Wakili akapiga benchi.

"Naomba kalamu, mwalimu," akasema binti yangu.

Akapewa. Akaiweka karatasi juu ya sanduku la Kibogoyo, katikati ya misumari, akaandika haraka, akamrudishia kwa mikono miwili. Mwalimu akasoma kwa sauti ya darasani, ile isiyojua itakutana na nini mbele:

"'Sababu ya pili: siku hiyo baba hakuwa na mteja. Sababu ya tatu: hakuna mtu mzima aliyeuliza.'"

Mama Birika alianza kucheka, akaacha. Jiko likabaki linatoa moshi peke yake. Mimi sababu ile ya pili niliimeza kama kidonge bila maji, maana ilikuwa kweli: mchezo wote ule, sultani, minara na farasi elfu thelathini, ulizaliwa kwa kuwa nilikuwa nimekaa dukani siku nzima na hakuna aliyeingia, na niliona haya kurudi nyumbani sijafanya kitu.

Mwalimu akatoa kalamu nyekundu, akaandika tatu kwa tatu. Hakuwa na haraka.

"Rudi darasani," akamwambia. "Sema nimekutuma chaki, nami nakuja." Binti akaondoka, na alipofika kwenye kona nikamwona anakimbia.

"Na mimi, mwalimu?" Kibogoyo akauliza, anatunga uzi kwenye sindano. "Usultani wangu unaishaje?"

"Anza na viatu vyangu, fundi. Siwezi kukuondoa kwenye historia nikiwa na ndala."

"Basi vitachukua muda," akasema Kibogoyo, na soli ambayo ingeisha kwa dakika tano akaishona kwa ishirini.

Wakili akakumbuka kwamba faili alilolishika lilikuwa linangojewa na hakimu tangu saa tatu, akaondoka mbio bila kulipia kahawa. Mama Birika akamwita, akakata tamaa, akaanza kusuuza vikombe.

Mwalimu akanikabidhi ile karatasi.

"Nitolee nakala arobaini na mbili. Kesho tunasahihisha upya, darasa zima."

Nikaingia dukani, nikailaza kwenye kioo, nikashusha kifuniko. Simu ikalia mfukoni. Msusi wa mikeka amefufuka tena, anataka kusikilizwa. Nikaiacha ilie. Nikainua kifuniko, nikaitoa karatasi, nikaisoma kwanza.