Seva Yenye Nafasi Sita

Jumatatu, 4 Machi
Tak. Kimya. Tak. Kama mtu anayegonga ukucha mezani akisubiri jibu. Tangu jana nausikia mlio huu hata nikiwa bafuni. Ni diski yetu ya zamani inayochoka, na ndani yake mna rekodi pekee ya sauti ya marehemu baba: anamfundisha mama kuendesha gari, wanagombana. Mama huisikiliza akipiga pasi. Kaka alisema ninunue diski mpya leo hii, ninakili, yaishe. Au nitumie hata simu. Nikamjibu kwamba nakala za haraka haraka ndizo huleta fujo. Nitajenga seva ya nyumbani, faili zetu zote zikae pamoja, salama. Mama kanipa akiba ya mapazia. Aliuliza tu kama baba ataenea humo.

Jumatano, 6
Dukani. Muuzaji wa vipuri alishauri nianze na diski, maana ndizo zinazobeba mzigo. Nilimsikiliza kwa adabu. Diski hushuka bei kila wiki; kwa hiyo hununuliwa mwisho. Mantiki tupu! Nikachukua ubao mama, ule unaounganisha vipuri vyote vya kompyuta, wenye nafasi sita za diski, kumbukumbu inayojisahihisha makosa, na feni isiyosikika. Nikitoka, nilimsikia akimnong'oneza mwenzake kwamba huyu dada amesoma. Kumbe ameona.

Ijumaa, 8
Imewaka! Kimya kabisa, mpaka uiguse ndipo ujue inafanya kazi. Mke wa kaka aliizunguka, mikono kiunoni.
"Wifi yangu, friji nzuri hii. Sasa tunaweka nini ndani?"
Nikamwambia bado. Bajeti imekwisha. Nafasi sita, diski hakuna. Na ile ya zamani imeanza kugoma: leo mama alibonyeza, akabonyeza tena, baba hakusema kitu. Alisubiri, pasi imetulia juu ya shati mpaka likaungua. Baadaye sauti ikaja.

Jumapili, 10
Kaka kaja na diski mpya mfukoni, kainunua njiani. Akanakili huku anatafuna mkate, viatu hakuvua. Nakala nyingine akaitia kwenye simu yake, akaondoka nayo kwake. Kabla ya hapo tulijaribu. Safi! "Breki, mama watoto, breki!" Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni, akajifuta macho. Nilifurahi. Kweli nilifurahi, ingawa kazi ya kaka haina mpangilio wowote.

Jumanne, 12
Mama kanionea huruma. Kanipa pesa za diski mbili.
"Usinyong'onyee, mwanangu. Na mimi nataka baba yako akae kwenye chombo chako."
Nusura nilie. Nikaenda dukani moja kwa moja. Lakini njiani nikawaza: picha za mama, za kaka, za wifi, za watoto watakaozaliwa. Nafasi sita si zitajaa? Diski zenyewe wiki ijayo zitashuka tena. Kasha la seva la nafasi kumi na mbili nimeshalilipia kwa pesa zile zile. Wanalileta kesho asubuhi.