Kilo Zinarudi Majimbo

Mutugi alikuwa kwa Nelius, fundi wa nguo wa Majimbo, amejifunga leso kiunoni akingoja suruali yake itiwe zipu, wakati Mungu, au yule mwingine, alipomletea riziki mlangoni.

Riziki yenyewe ilikuwa mama mmoja na rinda la kanisani. Januari alikuja lipunguzwe. Sasa alitaka liongezwe.

"Nilikuachia kitambaa kwa ndani," Nelius akamwambia bila kuinua macho. "Nyinyi wote wa sindano nawaachia. Najua mtarudi."

Mama akaondoka amenuna. Mutugi akasogeza kiti.

"Sindano gani hiyo?"

"Ya kupunguza mwili. Chama kizima cha Mwalimu Peninah kilidungwa, wamama wanane. Wakakonda, wakapiga picha mpaka simu zikajaa. Halafu bei ikawashinda wakaacha. Sasa kilo zinarudi mojamoja, na usingizi hakuna."

Wamama wanane wenye pesa na hofu! Mutugi, mzaliwa wa Ruiri, aliyewahi kuuza shamba lisilokuwepo Meru na ng'ombe wa kwenye picha Gachoka, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Katika ujanja wote huo alibakiwa na kitu kimoja tu cha kuonyesha watu: gari aina ya Probox, nyeupe. Ndiyo ilikuwa nyumba yake, ndiyo ofisi, na mambo yakichacha ndiyo miguu yake. Aliipenda kuliko alivyowahi kumpenda binadamu yeyote.

Wiki iliyofuata akawa Daktari Mutugi. Jina lilikuwa lake. Udaktari ndio aliouazima. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba ng'ambo wanajaribu vidonge vya kumeza, vya kuzuia mwili usirudi mtu akishaacha sindano. Kilichomfurahisha zaidi ni desturi ya utafiti wenyewe: wengine hupewa dawa, wengine kidonge kitupu, na hakuna anayejua amemeza nini. Karibu alie. Miaka yote ametafuta uongo unaokuja na kisingizio chake ndani, kumbe wasomi walikuwa nao! Ukinenepa, pole mama, wewe ulikuwa upande wa vitupu. Toa elfu arobaini uvuke upande wa dawa.

Vidonge alijaza mwenyewe, unga wa mtama. Fomu ya makubaliano aliitoa kwenye mtandao, kurasa ishirini na mbili, akabadilisha majina, akachapisha. Kusoma hakusoma. Fomu ni ya kutisha watu tu. Nani husoma fomu?

Chama cha Mwalimu Peninah kilisoma.

Peninah alikuwa naibu wa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, na kalamu nyekundu hakustaafu nayo. Kikao kilifunguliwa kwa maombi, kumbukumbu za kikao kilichopita zikasomwa, kisha daktari akatozwa faini ya shilingi mia mbili kwa kuchelewa.

"Jamani, mimi si ni mgeni!"

"Mgeni ni siku ya kwanza," akasema Gladwell, mweka hazina, mwenye bucha yake pale stejini. "Na siku ya kwanza ilianza saa nane kamili. Umeingia saa nane na dakika sita."

Wakaipitia fomu ukurasa kwa ukurasa. Kwenye kifungu cha kumi na nne, Peninah akavua miwani.

"Daktari, hii umeandika wewe?"

"Kila neno, Mwalimu."

"Na unasimama nayo?"

"Kabisa! Mimi si mtu wa kubadilika."

Peninah akamtazama Gladwell. Gladwell akatazama dari. "Haya," Peninah akasema, "weka sahihi hapa. Na hapa. Namba ya kitambulisho hapo chini. Sasa, katiba yetu inasema mtu wa nje akipokea pesa za chama, anaacha dhamana. Ile gari nyeupe ni yako?"

Mutugi alitaka kukataa. Lakini kiingilio kilikuwa elfu tano kwa kila mmoja, na zile elfu arobaini za kuvuka zilikuwa njiani. Tamaa ikamwambia tulia. Kitabu cha gari kikaingia kwenye mkoba wa Gladwell.

Kila Jumamosi alikuja na mizani. Wiki ya pili, kilo mbili juu. Ya nne, tano. Mutugi alikunja uso wa huzuni huku roho ikicheza.

"Pole sana, mama. Sayansi ni ngumu."

"Usijali, Daktari," Gladwell akajibu, akipangusa mafuta midomoni. "Kula kidogo."

Meza ilikuwa imejaa mukimo, chapati, na nyama ya kukaangwa mpaka inang'aa. Mutugi alidhani ni ukarimu. Alikula na kushukuru.

Wiki ya nane akasimama, mikono kifuani. "Wapendwa, matokeo ya maabara yamefunguliwa. Kwa bahati mbaya, nyote mlikuwa kwenye vidonge vitupu."

"Wote wanane?"

"Ni bahati mbaya kubwa. Lakini kwa elfu arobaini tu..."

"Hiyo ni ajenda ya nne," Peninah akamkata. "Tuko ya tatu. Katibu, soma kifungu cha kumi na nne."

Katibu akakohoa. "'Mshiriki yeyote ambaye uzito wake utarudi, atarejeshwa kwenye sindano kwa gharama ya mtafiti kwa muda wa miezi sita, bila kujali kidonge alichopewa.'"

Mutugi akaivuta fomu, akaisoma kwa mara ya kwanza.

"Nani aliandika hiyo?"

"Wewe. Kila neno. Iko kwenye kumbukumbu."

"Lakini mmenenepa makusudi!"

"Unafikiri ni mchezo?" Gladwell akawaka. "Kilo tisa kwa wiki nane, kwa umri wangu? Nimekula mpaka nikalia machozi! Mukimo nimesukuma na uji! Tumefanya kazi, Daktari, usituvunjie heshima."

Mutugi akainua mikono. "Wamama, niwaambie ukweli. Hiyo ni unga ya mtama. Mimi si dak..."

"Ngoja kwanza," akasema Peninah. "Hujasalimia mume wa Gladwell."

Munyi, afisa wa upelelezi, alikuwa amesimama mlangoni na mfupa wa mbuzi mkononi, hana haraka. "Endelea, kijana yangu. Wewe si nini?"

"Chagua mwenyewe," Peninah akasema. "Kama wewe ni daktari, uko na deni ya sindano, na gari itatosha. Kama si daktari, Munyi amekuja na yake, na nyuma kuna nafasi."

Mutugi alichungulia dirishani. Probox ilikuwa pale uani, safi, ameiosha asubuhi.

"Mimi," akasema kwa sauti ya kukatika, "ni daktari."

"Katibu, andika: amethibitisha."

Wakapiga makofi. Na tusiwasifu sana. Walipoanza, kila mmoja alikuwa amerudisha kilo mbili tu, za kumalizwa kwa kwenda sokoni kwa miguu. Sasa walibeba tisa juu ya hizo, wamenunua miezi sita ya sindano, na baada ya hapo shida itawakuta palepale. Lakini ushindi ni ushindi.

Siku hizi umiliki wa gari huhamishwa kwa simu. Peninah alikuwa ameshajaza kila kitu. Ilibaki ile namba ya siri ambayo mwenye gari hutumiwa. Simu ya Mutugi ikalia ndani ya mfuko. Akaitoa, akaitazama. Miaka mitano alikuwa amepigia wajane na wazee wa pensheni, akiwabembeleza wamsomee namba kama hiyo. Alijua vizuri kinachompata anayesoma.

"Tusomee, Daktari," Peninah akasema kwa upole. "Pole pole, usikosee."

Mutugi akaanza kusoma.