Nilivyotaka Kumfundisha Bweni Moinaecha Kuchagua Tairi

Jamani, leo nimevuliwa nguo. Na si kwa mfano tu, mtaona.

Nawaandikia nyote wa barazani Malindi kwa barua moja, maana sina nguvu ya kuandika tano. Atakayesoma asome kwa sauti na asiruke mahali. (Najua ni wewe, Himidi, na najua utatia chumvi. Usitie. Iliyomo inatosha.)

Mnajua kwamba tangu nirudi Komoro nauza matairi Moroni. Mnajua pia, kwa kuwa nimeshawaandikia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwamba mimi ni bingwa. Gari likisimama dukani, nataja saizi ya tairi kabla injini haijazimwa. Kule Itsandra ninakoishi wananiita Daktari wa Mpira. (Sawa. Watu wawili wananiita hivyo. Mmoja ni mimi.)

Juzi tajiri wangu akanituma Mutsamudu, kisiwani Anzuani. Kuna zahanati yenye Landrova inayopanda vijiji vya mlimani kuteremsha wagonjwa, na njia yenyewe ni mawe matupu. Wanataka matairi manne mapya. Nikapewa seti mbili niwapelekee wachague. Seti ya kwanza mapana, meusi, yanang'aa, kashata zake, yale matuta ya mpira, kama meno ya mamba. Seti ya pili membamba, marefu, yamenuna kama mjomba aliyenyimwa pilau.

Mimi nilikuwa nimeshachagua kabla meli haijang'oa nanga. Wale askari wa kizungu wa kukodiwa, ambao tangu mapinduzi ya sabini na nane ndio wenye sauti hapa kwetu, wana gari moja Moroni lenye matairi mapana namna ile. Likipita, watu hunyamaza na kuangalia chini. Na mimi naangalia chini, lakini mwenzenu naangalia matairi.

Basi leo asubuhi nimeteremka bandarini Mutsamudu. Wachukuzi wameyavingirisha matairi manane mpaka nje, mimi nyuma yao na suruali yangu mpya nyeupe, ile ya kubana juu na kupanuka chini. Nje wananingoja karani wa zahanati na mama mmoja wa umri wa mama zetu. Shiromani nyekundu, ile nguo ya kujitanda ya wanawake wa Anzuani, liwa usoni, viatu vya mpira. Huyo ndiye Bweni Moinaecha, mkunga wa Hombo, mtaa wenye hospitali na hiyo zahanati. (Bweni ni kama kusema Bibi, kwa heshima.) Nikamsalimu, kisha nikamuuliza karani, "Dereva yuko wapi? Ningependa kuzungumza na mtu anayeelewa."

Yule mama akaning'iniza funguo mbele ya pua yangu.

"Zungumza," akasema.

Kwa Kiswahili safi! Baba yake alifanya biashara Unguja. Mkosi ulianzia hapo, kwa sababu angesema Kianzuani ningejidai sikusikia.

Nikaanza mahubiri. Nikapigapiga lile tairi pana. "Hili, Bweni, ni dume. Tazama meno. Linatafuna chochote."

Akachuchumaa. Hakutazama meno hata kidogo. Akabonyeza ubavu wa tairi kwa kidole gumba, hapa, na hapa, na hapa, kama anavyopapasa tumbo la mja mzito. Akahamia kwenye jembamba, akabonyeza.

"Ubavu wa hili pana una nguvu gani?"

"Bweni, tazama meno kwanza."

"Ubavu wake una nguvu gani, mwanangu?"

"Linatafuna mawe, Bweni!"

"Sikuuliza linatafuna nini. Nauliza likitafunwa litakuwaje."

Wachukuzi wakacheka. Mimi nikacheka pia, kicheko cha mtu mwenye elimu. Nikamgeukia karani, nikamwambia polepole, kwa sauti ya siri ya serikali, kwamba ndiyo matairi wanayotumia wale wazungu. Karani macho yakamtoka. Akasema mapana, basi, yafungwe.

Tukaenda zahanati, yakafungwa. Bweni hakubishana. Alimwambia tu fundi wa zahanati avalishe matairi mawili membamba kwenye rimu mbili za akiba, kisha wakayapandisha juu ya gari. Nikamuuliza ya nini mzigo wote ule.

"Ya kivuli," akasema.

Ndipo akaja mtu anahema, katoka mlimani. Mkewe anaumwa uchungu tangu alfajiri, mimba ya kwanza, na mama wa kijijini anasema mtoto hajakaa vizuri. Bweni akabeba mkoba wake. Halafu, jamani, akanitupia funguo.

"Wewe ndiye bingwa. Endesha."

Nilitaka kusema hapana. Kinywa kikasema ndiyo.

Kabla ya kuondoka nilikuwa nimejaza upepo mpaka matairi yakawa magumu kama ngoma. Tulipofika mwisho wa lami Bweni akasema nisimame tupunguze, mawe yanataka tairi lilegee kidogo lilale juu yake. Nikamwambia tairi laini ni tairi la mvivu. (Sentensi hii sijui niliitoa wapi. Nimeitafuta tangu mchana.)

Tukapanda. Gari linaruka kama mbuzi. Kila nikikata kona, matairi mapana yanasugua bodi na kulia kwiii, mpaka kuku wanatoka njiani bila kupigiwa honi. Mume wa mgonjwa, kiti cha nyuma, anasoma dua. Bweni ameshika mkoba wake tu.

Karibu na juu kuna ngazi ya jiwe jeusi, kali kama shoka.

"Pita kulia, taratibu," akasema Bweni.

Nikapita katikati, kwa kasi, ili mume aone.

Pwaa! Ubavu wa tairi la nyuma kushoto umepasuka.

"Usikanyage mafuta!" akapiga kelele Bweni.

Nikakanyaga. Gari likateleza pembeni, na jiwe lilelile likamaliza la nyuma kulia. Meno yote yapo, yanang'aa. Mbavu zimefunguka kama madafu.

Nikaruka chini na jeki, nikaitegemeza juu ya kokoto. (Msiseme kitu.) Nikaingia nusu chini ya gari. Jeki ikateleza, nikarudi nyuma kwa hofu, na suruali mpya ikanaswa na chuma cha bampa. Nikasikia sauti ndefu. Nikasikia na upepo, mahali ambapo mtu mzima hatakiwi kusikia upepo.

Wakati huohuo wanatokea wanaume wanne kutoka juu wamebeba kitanda cha kamba, na juu yake yule mama mwenye uchungu. Walichoka kutungoja. Nyuma mama yake, shangazi yake, godoro, sufuria na mkungu wa ndizi. Wote wakasimama. Mimi nimesimama, mikono miwili nyuma, kama mwanafunzi anayengoja bakora.

Mgonjwa akainua kichwa. "Ndiye huyu aliyekuja kuniokoa?"

"Ndiye," akasema Bweni.

"Basi nigeuzeni, nirudi nyumbani."

Akacheka! Katikati ya uchungu, jamani, akacheka mpaka akashika kitanda. Shangazi akacheka. Mume, aliyekuwa akisoma dua tangu tulipoondoka, akacheka. Bweni peke yake hakucheka. Alikuwa ameshampima mgonjwa na sasa anafunga shiromani yake kiunoni.

Na hapa, ndugu zangu, acheni dhihaka kidogo, nisifu. Sijaona fundi kama yule. Alitafuta jiwe bapa akaliweka chini ya jeki. Nati alizilegeza kwa kusimama juu ya spana na uzito wake wote, akishuka na kupanda kama anayepanda ngazi msikitini. Matairi mawili ya "kivuli" yakaingia nyuma. Kisha akazunguka magurudumu yote manne na njiti ya kiberiti, akibonyeza vali na kusikiliza upepo ukitoka, ameinamisha kichwa. Hakuwa na kipimo. Alisikiliza tu, akasema "basi," akaenda kwa jingine. Na katikati ya kazi yote hiyo, kila mgonjwa alipolia, mkono wake ulikuwa tayari tumboni kwake. Nilimuuliza alijifunza wapi. Akasema marehemu mumewe alikuwa dereva wa shamba la mlangilangi, na yeye ndiye aliyekuwa akishika taa.

Gari likajaa. Tairi moja bovu likaenda juu. Nafasi ya la pili imechukuliwa na godoro na ndizi. Nafasi yangu imechukuliwa na shangazi. Kwa huruma akanivua aibu: akanipa shiromani yake ya ziada, nyekundu ya maua, nijifunge. Bweni akateremsha gari taratibu, kama anayebeba mayai, likapita juu ya jiwe lilelile bila hata kuguna.

Nikabaki mlimani nimevaa kike, navingirisha tairi bovu.

Mteremko ulipokolea, likaniponyoka. Nalikimbilia, nimeinua shiromani magotini, napiga kelele. Likashuka, likashuka, likaenda kugonga gari lililokuwa kwenye kizuizi cha barabarani. Gari la wale wazungu.

Wawili, na bunduki. Watu waliokuwa pale wakaganda. Nami nikaganda. Mmoja akaliangalia tairi, akaniangalia mimi, kuanzia liwa ya vumbi usoni mpaka maua.

"Hili ni lako, madamu?" akauliza kwa Kifaransa.

Wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Watu walipoona hakuna hatari, nao wakacheka. Kwa mara ya kwanza nimesikia watu wakicheka mbele ya gari la watu wale, na sababu ni mimi. Nami nikainama kuliokota tairi langu, na nilipoinama nikaona magurudumu ya gari lao.

Membamba. Yote manne. Kumbe yale mapana ya Moroni ni ya kupitia mjini tu.

Nilifika Hombo alasiri. Mtoto alishazaliwa hospitalini, wa kike, mzima, na mama yake amelala. Bweni alikuwa ameketi ukutani na kikombe cha chai, shiromani yake bado ina grisi. Karani akaja mbio kuuliza habari za matairi. Nikafumba macho.

"Huyu kijana ametusaidia sana," akasema Bweni. "Ameyajaribu mapana kwa niaba yetu. Tutachukua membamba."

Kisha akanisogezea chai yake.

Nimeinywa yote, bado nimejifunga maua. Funzo nililopata ni hili: mkunga akikuuliza swali moja mara mbili, jibu analo tayari. Sasa kunjeni barua, na Himidi, toa huo mkono mdomoni, nimeshakuona.