Ngazi Inayokula Nyumba

Kipandio cha tatu kiligoma. Injinia alichomeka mtaimbo chini yake, akaulalia kwa tumbo, na mbao ikaachia ghafla kiasi kwamba naye nusura aifuate.

"Umeona, mama?" alisema akihema. "Imeoza. Mchwa wameimaliza."

Mshonaji, mwenye nyumba, aliipokea mbao kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kama mtoto aliyelala.

"Na mchwa wenyewe wako wapi?"

"Wameshiba, mama. Wakishiba wanahama."

Jina la Injinia halikutoka shuleni. Alivaa shati lenye mifuko mingi na kuweka penseli sikioni, watu wakamalizia wenyewe. Nyumba ya mshonaji ilikuwa nyembamba, imebanwa katikati ya nyumba nyingine kama kitabu kwenye rafu, na kwa kuwa haikupata pa kutanukia, ilikwenda juu. Mama huyu alitaka iwe ya kisasa: choo cha ndani, jiko lenye hewa, na chumba cha juu kipakwe rangi kabla binti yake hajarudi na mtoto mchanga.

Injinia alipoletwa aitazame, aliiona ngazi, akapenda. Ilikuwa ya mbao ngumu ya zamani, ile ambayo siku hizi mtu akiipata hailali dukani. Alijishika kiuno, akatikisa kichwa kama daktari.

"Chumba baadaye, mama. Tatizo lako ni ngazi. Inakula nyumba."

Akaahidi nyingine ya chuma, ya kujizungusha kama konokono, itakayoiachia nyumba nafasi kubwa. Ile mbovu angeiondoa bure na kuibeba mwenyewe, mama asihangaike na gari la taka. Mnunuzi wa samani za kale alikwisha ambiwa aje mchana. Mama atakapoanza kuuliza habari za konokono, Injinia atakuwa mji mwingine, pengine kwa jina la Daktari.

"Mwanangu," mshonaji alisema, akikipanga kipandio cha tano ukutani, "huanzii juu?"

"Mama, kila mtu na fani yake. Mimi nikuulize mambo ya cherehani?"

Mshonaji akanyoosha mikono apokee cha sita. Ukweli ni kwamba Injinia hakuwahi kuvunja ngazi. Kwa kawaida yeye huondoka kabla kazi haijafika hatua ya kazi. Aling'oa kipandio, akapanda kinachofuata, akang'oa cha nyuma yake, na kila alichong'oa alikishusha kwa adabu. Hatimaye alifika juu, amelowa jasho, akiwa na furaha ya mtu anayeona mwisho wa jambo. Ikabaki mihimili miwili ya pembeni. Mnunuzi aliitaka mizima. Injinia alipiga magoti sakafuni, akalegeza vyuma vilivyoishikilia, akaisukuma. Ikashuka kwa mshindo ulioamsha vumbi la miaka.

Vumbi lilipotulia, Injinia alitazama chini. Mshonaji alitazama juu. Baina yao palikuwa na nafasi kubwa sana, ile aliyoiahidi.

Mlango ukagongwa. Mnunuzi aliingia, akazikuta mbao ukutani, macho yakamtoka.

"Injinia yuko wapi?"

"Yuko juu, kazini. Nawe ni nani, baba?"

"Nimekuja kuchukua mbao zangu."

"Zako? Si zimeliwa na mchwa?"

"Mbao hii?" Mnunuzi aliipiga kofi. "Mchwa akiuma hapa anabaki kibogoyo!"

Huko juu Injinia alifungua kinywa. Akisema mbao ni nzima, mama atajua. Akisema ni mbovu, mnunuzi ataondoka. Akakifunga.

"Basi kaa, baba," mshonaji alisema na kumvutia kiti. "Mwenye mbao ni mimi. Tuzungumze."

Walizungumza vizuri, kama watu waliokosa mtu wa katikati. Mbao zikatoka, moja baada ya nyingine, Injinia akizihesabu kwa macho kama mfiwa.

"Mama," alisema mlango ulipofungwa, "niazimie ngazi kwa jirani."

"Nitaazima. Ila majirani watauliza imekuwaje, nami sijui kusimulia kama wewe. Niwaite uwaeleze mwenyewe?"

Injinia alitazama dirisha. Lilikuwa na nondo. Alimpigia simu mtu aliyezoea kumtoa kwenye matata, akakumbuka kwamba mtu huyo ndiye mnunuzi. Simu iliita hadi ikachoka.

"Rangi na brashi ziko huko huko," mama alisema kwa upole. "Msasa uko nyuma ya mlango. Pesa ya mbao inatosha ngazi mpya, nimekwisha ongea na seremala. Chakula na maji nitakupandishia kwa kamba."

Ukuta wa kwanza aliupaka kwa hasira, wa pili kwa huzuni. Wa tatu aliurudia mara mbili, maana rangi ilionyesha mistari na jambo hilo lilimkera.

"Mama! Seremala anakuja lini?"

"Nimemwambia aje juu kukikauka, binti yangu na mtoto wake wasije wakachafuka."

Injinia aliitazama dari. Ilikuwa bado yote, na mwanga ulikuwa unakwisha. Akalifunika kopo ili rangi isishike utando, akaisuuza brashi na kuiacha ndani ya maji, kama afanyavyo fundi anayejua kwamba kesho atakuwepo.