Jina la Mstari wa Mwisho

Jumatatu, 4 Novemba

Asubuhi manyunyu, nyuzi joto saba, upepo mkali. Mume wangu Geoff alitoka na mwavuli mzima, akarudi na nusu.

Kura zimefunguliwa! Tovuti ya mashabiki wa tenisi inamtafuta mchezaji wa Uingereza anayependwa zaidi msimu huu. Majina sita. Mmojawapo ni Tamsin Ogden wetu! Tamsin aliyejifunza kushika raketi hapa Calderwick, kwenye uwanja wa pili wa klabu yetu ya tenisi, ule wenye ufa, akavunja dirisha la jiko la klabu akiwa na miaka tisa. Vioo nilizoa mimi.

Nimenakili kanuni. Mtu mmoja, kura moja. Ukishapiga, haibadilishwi. Hesabu inaonekana wazi kila siku. Mwisho ni Jumapili saa kumi na mbili jioni. Watatu wa kwanza wataalikwa kucheza London mwezi Desemba, ukumbi umejaa watu. Usiku wa mwisho wa mashindano hayo, kila mmoja wa hao watatu atachagua mwenzake wa kucheza naye wawili wawili, mwanamume na mwanamke upande mmoja.

Kabla ya kazi nilipita duka la mikate. Noreen, mama yake Tamsin, alikuwa anapanga mikate huku macho yakiwa mekundu. Akaniambia bega la binti limepona ila moyo haujapona. Ni wa mia na themanini na tatu duniani. Ameitwa kazini Preston, kuuza viatu vya michezo, na anatakiwa kujibu kufikia Ijumaa ya wiki ijayo. Anasema kama hakuna aliyeona kuwa alicheza mwaka huu, raketi zinakwenda darini. Nikamwambia, Noreen mpenzi, niachie mimi Hilary. Akasema hicho ndicho anachokiogopa.

Hesabu ya jioni: Sebastian Crewe 612. Arabella Finch 590. Tamsin 204, wa tatu! Wawili wanaofuata wako mia na kitu. Wa mwisho ni Fergus Tulloch, 31.

Huyu Fergus ni Mskoti wa miaka thelathini na tano, hucheza wawili wawili tu. Kwenye picha amesimama mvuani na mabegi manne, soksi moja imeshuka. Kura thelathini na moja! Nimempa yangu. Moja tu, ya kumsitiri. Tamsin atakuwa na mji mzima.

Jumanne, 5 Novemba

Ukungu. Baadaye kavu, bahati njema kwa moto wa leo, ule mkubwa ambao mji huuwasha kila tarehe tano Novemba.

Nimebuni jambo kubwa. Mimi ndiye ninayepokea wateja kwenye duka la miwani, na kila mteja husoma chati ya herufi ukutani. Kwa nini asisome kitu cha maana? Nimetengeneza chati ya kura. Juu, TAMSIN OGDEN, herufi kubwa kama mkate. Chini yake wengine, kila mstari mdogo kuliko uliotangulia, na hesabu pembeni. Fergus Tulloch yuko chini kabisa, herufi za ukubwa wa chawa. Daktari wa macho, Bwana Lockwood, aliitazama, akasema mistari imepangwa vizuri. Hajui tenisi.

Jioni kwenye moto wa mji nilisimama karibu na meza ya njegere na sahani ya keki ya tangawizi. Kipande kimoja, ombi moja. Watu wote walikubali. Hakuna aliyekataa! Nimegawa vipande arobaini na nane.

Pauline Scholes alikuwepo, nahodha wa wanawake wa klabu, mwenye ufunguo wa jiko, amevaa skafu yenye uso wa Sebastian Crewe. Alikula vipande viwili. Akasema, "Hilary mwenzangu, keki yako kavu kama hotuba zako. Sebastian hahitaji tangawizi." Nikamjibu kwamba Sebastian anahitaji kinyozi. Akanifyonya mbele ya watu.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua. Nyuzi sita.

Hesabu: Tamsin 209. Fergus 84.

Nimepiga mahesabu mara mbili. Vipande arobaini na nane na wateja kumi na wanne, halafu kura tano? Keki imekwenda wapi?

Kumwuliza mtu alimpigia nani haiwezekani. Afadhali umwulize anaoga mara ngapi. Nimesema tu kwa sauti, kama ninayeongea na kalenda, kwamba natumaini watu wamepiga kura. Wote wakajibu, "Nimepiga, mpenzi." Nyuso zinang'aa. Nyuso za watu waliotenda wema.

Mzee Entwistle, miaka themanini na moja, alifurahi sana na chati. Aliruka jina la Tamsin kabisa, akajikunja, akakaza macho, akapiga kelele: "Chini pale! Fergus Tulloch, themanini na nne! Nimesoma bila miwani, mama, umeniona?" Akauliza huyo Fergus ni nani na amekosa nini hata awekwe kule chini. Nikamweleza habari ya soksi. Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Nadhani tatizo ni moyo. Watu hawaamini kwamba Tamsin anaweza. Lazima niwape imani.

Alhamisi, 7 Novemba

Jua! Dakika ishirini.

Nimebandika mabango sita: lango la klabu, maktaba, posta, duka la samaki na chipsi, na mawili kituo cha treni. Yanasema: TAMSIN WETU YUKO TATU BORA! HAKUNA WA KUMTOA! WENZAKE WAMEACHWA MBALI! Chini nimeweka picha za wenzake ili watu waone jinsi walivyoachwa. Ya Fergus ndiyo ya mwisho, ile ya mvua. Geoff aliitazama picha hiyo muda mrefu. Akasema, maskini. Nikamwambia ashike gundi.

Mchana nilikwenda nyumba ya wazee na kompyuta ya Geoff. Wazee ishirini na sita, wote wana anwani za barua pepe, wajukuu wamewafungulia. Niliwaeleza kwa utaratibu: Tamsin yuko salama, yuko mbele, tunataka tu kuongeza. Kisha nikageuka ukutani kila mmoja alipobonyeza, maana kura ni siri. Bibi mmoja aliniuliza kama yule mwenye mabegi ana mke. Nikasema sijui. Akasema, "Huyo hana, mwanangu. Angekuwa naye, soksi ingepandishwa."

Hesabu saa kumi na moja jioni: Tamsin 214. Fergus 149.

Kuna mchezo mchafu.

Ijumaa, 8 Novemba

Manyunyu tena. Nimelala vibaya, shingo inauma.

Nimepata mhusika. Pauline! Fikiria. Sebastian wake yuko juu, hana shida. Nia yake ni kumwangusha Tamsin tu ili mimi nionekane mjinga. Kwa hiyo anamkusanyia Mskoti kura kwa siri. Ushahidi: (1) Jumanne alikula vipande viwili. (2) Leo ameonekana akiingia maktaba, na Pauline hasomi. (3) Alinisalimia.

Nimemfuata baada ya kazi. Posta, duka la mikate, bucha. Kwenye duka la mikate alizungumza na Noreen dakika tisa. Nilisimama nje nyuma ya gari la maziwa hadi dereva akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema paka. Mtu mwema, akashuka kunisaidia kumtafuta. Tumeita paka robo saa.

Hesabu: Tamsin 223, Fergus 188.

Jumamosi, 9 Novemba

Baridi kavu. Viwanja vimefaa kuchezwa.

Aibu. Niandike upesi yaishe.

Leo ilikuwa siku ya klabu, watu wote uwanjani. Nilikuwa upande mmoja na Geoff, Pauline ng'ambo ya wavu. Mpira wake ulidondoka karibu na mstari. Kawaida yetu ukiwa na shaka unampa mwenzako pointi. Nikasema nje. Akasema mpira ulikuwa ndani kama yeye alivyo ndani ya uwanja. Nikasema mwenye kula njama na Mskoti asinifundishe ukweli.

 Hata wa uwanja wa tatu waliacha kucheza.

Akauliza njama gani. Nikamtajia ushahidi wote, wa kwanza hadi wa tatu. Pauline akacheka hadi akashika wavu. Kisha akaacha kucheka. "Hilary, wewe! Miaka ishirini na mbili nakuchemshia chai. Ishirini na mbili! Leo nimekuwa mwizi wa kura?" Akafunga jiko, akaondoka na ufunguo. Watu kumi na sita bila chai, nyuzi nne za joto. Walinitazama kwa upole. Upole wa watu wetu ni mbaya kuliko matusi.

 Mlangoni Geoff akasema mpira ulikuwa ndani.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua tangu alfajiri.

Tamsin amekuja nyumbani kwa mama yake. Noreen akatuita chai, mimi na Geoff. Binti amekonda. Alinikumbatia, akasema ameyaona mabango kituoni, akataka kulia na kucheka pamoja. Akauliza nani aliweka ile picha ya Fergus. Nikasema hiyo si muhimu.

Tukakaa mbele ya kompyuta. Saa kumi na moja na nusu: Tamsin 238, Fergus 236. Kumi na moja na dakika hamsini: 240 kwa 240.  Noreen alikamua kitambaa cha sahani kilichokuwa kikavu. Mlango ukagongwa. Mzee Entwistle, amelowa, anaomba kutumia kompyuta, yake imekwama naye bado hajapiga. Tukampisha! Nikageuka ukutani. Akabonyeza, akasema, "Haya, nimemfikisha." Dakika moja baadaye kura zikafungwa.

Fergus Tulloch, 241. Wa tatu ni Fergus.

Kumbe mzee alikuwa amebonyeza mara mbili na moja ndiyo iliyohesabiwa, lakini hata angebonyeza mara mia, isingekuwa kwa Tamsin. "Si mlisema yuko salama?" akauliza. "Mabango yote yanasema hakuna wa kumtoa. Nikaona yule kijana hana mtu."

Tamsin aliweka mkono begani pangu. Akasema hata yeye kura yake alimpa Fergus. Mwezi wa sita, bega lilipoharibika Nottingham, Fergus ndiye aliyembebea mabegi hadi kwenye treni.

 Noreen alikwenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Jumatatu, 11 Novemba

Sikuangalia hali ya hewa.

Pauline alikuja dukani, bila miadi. Alisimama mbele ya chati yangu akaisoma yote, juu hadi chini. Akasema hivi: "Umezaliwa hapa, umekulia hapa, bado hujui? Mwambie mtu wa Calderwick kwamba fulani anashinda, ataenda moja kwa moja kumtafuta anayeshindwa ampe koti lake. Na wewe umemwandikia jina kwa herufi ndogo, watu wakajivunia kulisoma!"

 Nikamwuliza, kwa kuwa nilikuwa nimeshavunja kila adabu, yeye alimpigia nani. Akakaza skafu. Akasema Tamsin, tangu Jumatatu ya kwanza. Sebastian ni wa kuangaliwa, Tamsin ni wetu. Na alikuwa maktaba kumwonyesha dada yake jinsi ya kumpigia Tamsin.

Nilimwomba radhi. Pia nilikubali mpira ulikuwa ndani. Akasema keki haikuwa kavu sana. Tulilia kidogo, kisha mteja akaingia.

Jioni Geoff akaniuliza, taratibu, mimi nilimpigia nani. Nimemwambia chai yake inapoa.

Jumatano, 13 Novemba

Jua hafifu, upepo umetulia.

Asubuhi simu ya Noreen. Anapiga kelele, mikate inaungua nyuma yake. Nimwelewe vipi! Nikakimbia na koti la Geoff.

Ni hivi. Fergus aliuliza wenye tovuti kura zake zimetoka wapi. Mia mbili hivi, wakamwambia, zimetoka mji mmoja wa Lancashire ambao hajawahi kukanyaga. Akafikiri ni mzaha. Akauliza mji huo una nini. Wakamwambia una Tamsin Ogden. Jana usiku akampigia simu. Amemwambia: "Dada, watu wako wamenipeleka London badala yako. Siwezi kwenda peke yangu, nitaonekana mwizi. Njoo ucheze upande wangu." Mwanamume na mwanamke, usiku wa mwisho, ukumbi umejaa!

Tamsin amewaandikia watu wa viatu. Amewashukuru, amekataa. Raketi zimerudi kutoka darini, ingawa Noreen anasema zilikuwa bado hazijapanda.

Pauline amechemsha chai ya watu wote. Mzee Entwistle anapita mjini akisema yeye ndiye aliyepanga.

Si kweli. Nimesoma tena shajara hii tangu mwanzo, na sasa ninaona wazi kwamba mpango wangu umefanikiwa. Nilitaka Tamsin acheze London, naye anacheza London. Ulipitia mlango wa nyuma tu.

Alhamisi, 14 Novemba

Baridi, anga safi, umande umeganda kwenye kioo cha gari.

Habari mpya! Mashindano ya Desemba nayo yana kura: jozi inayopendwa zaidi, zikiwemo jozi nyingine zilizoalikwa na waandaaji. Imefunguliwa leo mchana. Tamsin na Fergus tayari wanaongoza. Nimeanza chati. Majina yao juu, herufi kubwa kuliko mwanzo, na bango moja kwa kila kituo cha treni hadi Preston: HAWASHIKIKI! Pauline amejitolea kubandika. Ameniangalia kwa namna fulani, lakini gundi ameleta.

Mstari wa mwisho wa chati nimewaandika ndugu wawili wa Wales, kaka na dada. Kura tatu. Tatu! Kwenye picha dada ameshika kikombe cha plastiki na kaka amevaa fulana kinyume.

Nimewapa yangu. Moja tu. Haiwezi kudhuru.

Nazima taa, ni saa tatu na dakika arobaini. Leo nitalala usingizi mzito.