Mtambo wa Kutuliza Kompyuta za Niboye

Jumatano moja, saa nane mchana, Régis Nkusi alipita mbele ya duka moja la Niboye, mjini Kigali, akamwona mama mmoja akiipepea kompyuta kwa kalenda ya parokia, taratibu na kwa huruma, kama anayempepea mgonjwa wa homa. Mtu wa kawaida angepita zake. Régis alisimama, akamshukuru Mungu ambaye, kwa sababu Zake mwenyewe, hawasahau hata matapeli.

Ielezwe mapema kwamba Régis hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu cha mtu bila ruhusa. Régis hakuwahi kuchukua kitu bila kukabidhiwa, tena kwa mikono miwili na shukrani. Kazi yake ilikuwa maneno, na kasoro yake ni kwamba maneno hayaonekani. Kasoro hiyo ilikuwa imeanza kumtesa, kwa kuwa alitaka kumwoa Natacha wa Rebero, na baba yake Natacha, Mzee Ntare, mwalimu mkuu mstaafu aliyekulia Tanzania, alikuwa amemwambia: "Kijana, mimi sitoi binti kwa maelezo. Jumamosi njoo na kazi yako niione, niiguse."

Na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Mama, kompyuta hiyo haina joto," Régis alisema akiingia. "Ina kelele."

"Kelele gani? Mbona iko kimya?" aliuliza Xavérine, mwenye duka. Chini ya mabati yake watu walichapisha barua, walitoa nakala na kujaza fomu za mtandaoni, na kuanzia adhuhuri mashine zilizimika moja baada ya nyingine.

"Kwako iko kimya. Ndani humo printa inaita, kibodi inaita, kipanya kinaita, skana inadakia. Vyote kwa wakati mmoja! Wewe, watoto wanne wakikuita 'Mama! Mama!' kwa pamoja, hupandwi na joto?"

Xavérine, aliyelea sita, alikiri kwamba hupandwa.

"Basi. Kompyuta haitaki kupepewa, inataka mtu wa kuwapanga watoto wake zamu. Nimebuni kisanduku. Kinasikiliza kila kifaa, kinakiambia ngoja, sasa wewe, sasa mwenzako. Kelele ikiisha, joto linaisha."

"Wewe ni injinia?"

"Wanaonijua wananiita hivyo," alijibu Régis, na kwa kuwa waliomjua kwa jina hilo walikuwa wote wamewahi kumpa kitu, kauli hiyo haikuwa uongo kamili.

Alhamisi alirudi na kisanduku cha bati kilichopakwa rangi ya kijivu. Kilikuwa na taa mbili za kijani, nyaya nyingi zisizokwenda popote, feni ndogo iliyozunguka kwa bidii bila kujua kwa nini, na ndani yake mawe manne ya Rebero.

"Mbona kizito hivi?"

"Uzito ndio ubora, Mama."

Alichomeka kisanduku, akaamuru barua ichapishwe. Printa ilinyamaza kidogo, kama ilivyonyamaza kila siku tangu inunuliwe, kisha ikachapisha.

"Umeona? Imengoja zamu yake."

Xavérine alipiga makofi kama mtoto. Halafu akashika shavu. "Shida moja, Injinia. Pesa taslimu sina. Lakini nilinunua kompyuta tisa za tawi la pili, na tawi lenyewe halikufunguliwa. Ziko kwenye maboksi. Hii ya mezani ni ndugu yao, iangalie inavyowaka. Chukua zote, tusameheane."

Macho ya Régis yaliona sebule ya Mzee Ntare, maboksi tisa yamepangwa, na mkono wa mzee ukiyagusa moja baada ya jingine. Aliinua boksi la kwanza, akakunja uso.

"Mbona jepesi hivi?"

"Ni za kisasa, mwanangu. Uzito ni mambo ya zamani."

 Régis angebishaje habari za uzito mbele ya kile kisanduku? Aliinua la pili kwa heshima ya kitaalamu.

"Andika jina lako na unapokaa kwenye kila boksi, zisipotee njiani," alishauri Xavérine, akimpa kalamu nene. Régis alikuwa amepanga chumba kimoja hapo hapo Niboye, lakini aliandika: *Rebero, kwa Mzee Ntare, geti la buluu*. Alipenda jinsi anwani ile ilivyomkaa. Namba ya simu aliikosea, kwa mazoea tu.

Jioni hiyo alifungua maboksi chumbani kwake. Zilikuwa maganda matupu tisa. Matumbo yote yalikuwa yametolewa hadi feni, na katika la mwisho alimkuta mjusi mkavu.

"Hizo ni takataka za umeme," alisema Nduwayo, mwenye nyumba, akichungulia mlangoni. "Wakaguzi wa usafi wanakuja kesho saa sita. Wakizikuta, wewe na hizo mnatoka pamoja."

Vijana wa gari la taka nao walikataa. "Hizi zina mahali pake, boss. Unazipeleka mwenyewe, wanaandika jina na namba ya kitambulisho." Régis hakupenda mahali panapoandika namba za kitambulisho.

Basi Ijumaa asubuhi alizifungasha tena kwenye maboksi yale yale, akakodi pikipiki na kuzitawanya safari kwa safari. Mbili aliziacha kituo cha basi. Tatu alizipanga chini ya ukuta wa jumba moja Nyarutarama. Tatu nyingine alizitupa penye ujenzi, na ya mwisho akaiacha kanisani, kwenye benchi la nyuma, akaitolea sala fupi.

Hapa hatuna budi kutaja, kwa masikitiko, udhaifu wa mji huu. Kwingine duniani mtu huweka boksi chini, akageuka kupiga chafya, akalikuta limeondoka. Na Régis aliutegemea ubinadamu huo wa kawaida. Kigali haikumpa.

Jumamosi alasiri alifika Rebero amevaa suti, na kinywani ana habari ndefu ya mzigo uliokwama forodhani. Natacha alimfungulia geti la buluu, ameuma midomo asicheke.

"Sha Régis, mpenzi wangu, mizigo yako imetangulia."

Maboksi tisa yalikuwa yamepangwa uani. Mlinzi wa Nyarutarama alileta matatu siku yake ya mapumziko. Dereva mmoja wa pikipiki wa kituo cha basi alileta mawili na kukataa bakshishi. Mafundi wa ujenzi walileta matatu mabegani, na mtunza kanisa akaleta moja pamoja na salamu za paroko.

Katikati yake alisimama Mzee Ntare, ameshika bisibisi.

"Nimefungua ya kwanza, nikasema bahati mbaya. Ya pili, nikasema ajali. Ya tisa, nimekwenda kunawa mikono. Kijana, umeniletea maiti tisa. Kazi yako hasa ni nini?"

"Mzee, mimi... ninapoza kompyuta."

Mzee Ntare aliinama, akaligusa ganda lililokuwa karibu naye.

"Hilo sikatai. Sijawahi kuona zilizopoa kama hizi."

Natacha alikimbilia jikoni, na kicheko chake kikasikika hadi barabarani.

"Chukua toroli langu," mzee aliendelea. "Zipeleke mahali pake, uandikwe jina lako la kweli. Siku utakayoniletea karatasi moja ya kweli kuhusu kazi yako, tutazungumza. Si kabla."

Régis alivua koti, akafunga maganda kwa kamba, akateremka mlima wa Rebero. Njia ilipita Niboye. Mlango wa duka la Xavérine ulikuwa wazi kabisa, hewa inapita, mashine zinanguruma kwa utulivu, na kalenda ya parokia imerudi ukutani. Chini ya mlango, kikiuzuia kwa uzito wake wote, kilikaa kisanduku cha kijivu.

"Injinia!" aliita Xavérine. "Mtambo wako unafanya kazi!"

"Mama, umenipa maganda."

"Na wewe umenipa mawe. Lakini mawe yana faida, mwanangu. Mlango huu tangu mwaka jana ulikuwa unajifunga, pu! Tulikuwa tunaokwa humu kama mikate. Sasa haujifungi."

Régis alimtazama kwa mashaka. "Kweli zimepoa?"

"Gusa."

Akagusa kompyuta ya mezani. Ilikuwa baridi. Kitu kigeni kilimpanda kifuani, akadhani ni kikohozi, kumbe ni fahari.

"Huna kingine?" aliuliza Xavérine. "Mlango wa nyuma nao ni vilevile."

Régis alichagua ganda moja, akaokota mawe manne kando ya barabara, akalijaza, akalipeleka nyuma. Mlango ulijaribu kujifunga, ukashindwa.

"Niandikie karatasi, Mama. Kwamba kinafanya kazi. Weka sahihi na muhuri wa duka."

Printa ilingoja zamu yake, kisha ikachapisha. Régis alikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa shati, akarudi kwenye toroli. Zilikuwa zimebaki nane, na mtaa ule ulikuwa na milango mingi.