Mama wa Kuazima

Jumatatu, 3 Juni
Muuguzi wa kliniki amesema mwanangu wa miaka miwili ana utapiamlo. Akanitazama juu hadi chini, akasema mimi nami nina unene uliopitiliza, na kwamba sote tunaugua kwa chakula kilekile: soda, biskuti, chai ya sukari, mkate mweupe. Mimi vinaninenepesha, mtoto havimjengi. Anataka nimpe mayai, maharage na mboga. Kwenye benchi mama mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba chakula cha mtoto kinajulikana kilipo. Nilisikia. Nikainama kufunga kiatu kisicho na kamba.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepata dawa. Si mayai. Tatizo ni kuonekana naye. Nimemwomba wifi, fundi cherehani, mwembamba kama uzi wake, ampeleke mtoto kliniki ya mtaa wa pili na kujifanya mama. Akaniuliza, mtu mzima kama mimi, namkimbia muuguzi? Nikasema simkimbii, nampisha.

Jumatatu, 10 Juni
Wifi amerudi. Muuguzi wa huko amemwonea huruma. Mama mwembamba, mtoto mwembamba: akaona hiyo nyumba ina njaa. Kampa mtoto unga wa lishe, na mama naye akapewa wake. Uzito wa mtoto umeshuka tangu wiki jana. Hilo wifi alilisema polepole, bila mzaha.
Nikakoroga uji. Nikauonja, usije ukamdhuru mtoto. Nikauonja tena. Una karanga ndani. Mtoto akaja na kijiko chake, akanikuta nakwangua bakuli. Hakulia. Alilamba kijiko kikavu. Nikatazama ukuta.

Jumatano, 12 Juni
Wifi ameleta habari: muuguzi wa mtaa wa pili atakuja hapa kwangu, alikoelekezwa na wifi, kukagua jiko la yule mama mwenye njaa. Nimepanga wifi ashinde kwangu siku hiyo. Mimi nitakuwa jirani aliyekuja kuomba chumvi.
Akauliza, na mtoto je? Kweli. Mtoto huniita mama kwa sauti ya kusikika barabarani.
“Wifi, nunua mayai tuache sinema,” akasema. “Huyu mtoto anakwisha.”
Nikasema nitafikiria. Njiani kwenda dukani nilifikiria. Nimerudi na biskuti. Kila mara mtoto wangu akimwita wifi mama, anapewa moja. Mpaka sasa amepatia mara moja tu. Pakiti imekwisha.
Muuguzi anakuja Ijumaa, saa nne asubuhi.